Nilivyoandika Kuwa Mboni Zako Ziko Sawa

Kambale, mwanangu,

Rehema amesoma mstari wangu wa kwanza juu ya bega langu akacheka. Nilikuwa nimeandika "Hujambo huko uliko?" kama masista walivyotufundisha kuanza barua, naye akasema, "Tate," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "uko unauliza, nani atajibu?" Nimeufuta. Mwanao ana miaka kumi na mmoja sasa. Meno yake ya mbele yamepishana kama yako, na ana tabia yako ya kusahihisha wakubwa. Nimemwambia aende kwa wenzake. Ninalotaka kukuambia ameshalisikia mara moja, sitaki alisikie tena leo.

Naandika kidogo, napumzika, naandika tena. Moyo umechoka kusukuma. Miguu inajaa maji, na nikilala bila mito mitatu pumzi inakuwa fupi. Nimewauguza watu wengi wenye miguu kama hii, kwa hiyo hakuna anayeweza kunidanganya, na wala hawajaribu. Nashukuru kwa hilo. Mtu akijua njia yake ni fupi huacha kubeba mizigo isiyo ya lazima, na mimi nina mzigo mmoja nilioubeba miaka tisa.

Nitausema kwanza, kisha nitaueleza. Siku ulipokuja kwangu kutibiwa, fishi yako, ile karatasi ya mgonjwa, ilisema kwamba mboni zako ziko sawa. Hazikuwa sawa. Mimi ndiye niliyeandika. Niliandika kabla hujafika.

Unajua kwamba wakati ule nilikuwa bado titulaire, muuguzi mkuu wa kituo chetu cha afya. Umri wa pensheni ulikuwa umenipita, ila hakuna aliyekuja kuchukua nafasi yangu. Lakini kuna jambo la kazi yetu ambalo hukulijua, na hata wagonjwa hawakulijua. Watu walikuwa wakikimbia vita, wakishuka kutoka Djugu na magodoro vichwani, na foleni ilianza kabla jua halijachomoza vizuri. Nikabuni njia. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, mimi na wauguzi wawili tulikaa mezani tukajaza fishi thelathini mapema. Zote zilikuwa na mistari ileile ya Kifaransa: mgonjwa ana fahamu, mapafu safi, tumbo laini, pupilles égales et réactives, yaani mboni ziko sawa na zinaitika mwanga. Tuliacha nafasi ya jina, ya joto la mwili, na ya kile ambacho mtu analalamikia. Tukikuta kitu kisicho cha kawaida, tutafuta na kusahihisha. Ndivyo tulivyoambiana.

Mwanzoni tulifuta. Baadaye tulifuta mara chache. Mwisho sikumbuki tena tulifuta lini. Msimamizi mmoja alipotutembelea alinisifu kwa mwandiko safi usio na mahali palipofutwa.

Ulikuja siku ya tatu ya juma, Jumatano, kama saa nne za asubuhi. Ukapita mbele ya foleni bila mtu kunung'unika, maana benchi walizokalia ulizitengeneza wewe. Mama mmoja akakutania: "Fundi, benchi yako inauma matako! Ulipima na nani?" Ukamjibu, "Nilipima na bwana yako, mama. Yeye iko mwembamba." Wakacheka mpaka mtoto mmoja mwenye homa akaamka. Nilikusikia toka ndani, nikafurahi kama kila siku nilipoisikia sauti yako ikitangulia mwili wako.

Ulikuwa umeshika shingo upande wa kushoto. Siku mbili kabla, ulikuwa unatoka Marabo na mbao zimefungwa nyuma ya pikipiki. Pikipiki ikateleza kwenye tope, ubao ukakupiga chini ya sikio, shingo ikazunguka vibaya. Hukuumia mahali pengine. Ulijipangusa ukaendelea na safari. Tangu hapo, ulisema, kulikuwa na maumivu yanayopanda kutoka shingoni mpaka nyuma ya jicho, kama mtu anavuta uzi. Halafu ukasema lile neno ambalo nalisikia hata sasa ninapoandika: "Shangazi, na ii jicho inataka kulala yenyewe. Ile ingine iko macho."

Nikatazama. Kope la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo, kama pazia ambalo mtu amesahau kulivuta mpaka juu. Niliona. Mbele ya Mungu nasema niliona. Nikacheka, nikakuuliza ni pombe gani uliyokunywa jana yake. Ukasema hukunywa. Mfukoni nilikuwa na tochi yangu ndogo ya kalamu, ile yenye vidoti vyeusi ubavuni, kutoka kidogo kabisa hadi kikubwa, vya kulinganishia na mboni ya mgonjwa. Ungehitaji nusu dakika yangu. Sikuitoa. Nilivuta fishi iliyokuwa juu, nikaandika jina lako, joto lako, "shingo, kichwa", na dawa ya maumivu pamoja na ya malaria, kwa kuwa malaria hatukosi kamwe. Mstari wa mboni ulikuwa hapo tayari, kwa ule mwandiko wangu mzuri. Wino wake ulikuwa umekauka tangu saa moja.

Unakumbuka neno pupille? Ulikuwa sekondari, mwaka wa kwanza. Katika Kifaransa neno hilo hilo ni mboni ya jicho, na tena ni yatima aliyewekwa chini ya mlezi wa kisheria. Baba yako na mama yako walipofariki, karatasi ya mahakama ilituandika hivyo, mimi mlezi, wewe pupille. Ukakuta maana zote mbili katika kamusi yangu, ukaja mbio jikoni ukipiga kelele, "Shangazi! Serikali iliandika miye ni mboni yako!" Nilikupiga na kitambaa cha sahani kwa sababu maharagwe yalikuwa yanaungua. Tangu siku ile, ulipotaka kitu uliacha kikaratasi chini ya kikombe changu: "Mboni yako inaomba viatu." "Mboni yako inaomba ruhusa ya kwenda mpira." Ninavyo bado viwili. Nilikupenda kuliko nilivyowahi kusema. Na ndiyo maana sikukuangalia. Nilikuona kila siku, nikadhani kuona kunatosha.

Siku ya tano, Ijumaa mchana, ulikuwa nyumbani kwako Mudzipela unakula. Mke wako Lotsove alikuwa amekuwekea bugali na sombe, majani ya mihogo. Yeye ndiye aliyenisimulia, na nilimwamini palepale, jambo linaloongeza uzito wa kosa langu. Tonge la kwanza ulikula. La pili lilianguka. Ukautazama mkono wako wa kulia kana kwamba ni wa mgeni aliyekuja kukaa mezani bila kubisha hodi. Ukataka kusema kitu, mdomo ukaenda upande. Hospitali wakasema AVC, kiharusi. Kesho yake ukaondoka. Ulikuwa na miaka thelathini na miwili.

Watu wetu wanakijua kiharusi. Ni ugonjwa wa wazee, wa wenye presha, wa wale waliokula nyama na chumvi miaka sitini. Kijana aliyekuwa juu ya paa anapiga misumari mwanzoni mwa juma, kijana huyo hafi kwa kiharusi. Anakufa kwa mkono wa mtu. Hivyo ndivyo walivyosema matangani, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti.

Kaka yangu Paluku, baba yako mukubwa, ndiye aliyeniuliza. Watu walikuwa wamejaa ua wote wa kanisa, tumetoka kukuzika. "Régine, weye ulimuona siku ya tatu. Alikuwa namna gani?" Nilikwenda kituoni nikaleta fishi. Sijui kwa nini nilidhani karatasi itajibu kwa niaba yangu. Paluku alikuwa karani maisha yake yote. Anasoma Kifaransa kama padri anavyosoma misa. Akaisoma mstari kwa mstari, kwa sauti. Fahamu nzuri. Mapafu safi. Mboni sawa. Akaikunja. "Mutoto alitoka kwako muzima," akasema. "Sasa alikula wapi?"

Macho yote yakamgeukia Lotsove. Alikuwa ameketi chini na Rehema mgongoni, mtoto wa miaka miwili. Watu wake ni wakulima wa Djugu waliokimbia mashamba yao. Hapo uani hakuwa na ndugu hata mmoja wa kumshika mkono. Hakumtazama Paluku. Alinitazama mimi. "Shangazi, sema. Weye uliona jicho yake. Alinielezea asema ulichekaka."

Nikasema, "Fishi ndiyo hiyo."

Maneno matatu, Kambale. Nimesema maneno mengi katika miaka yangu, nimesoma masomo kanisani, nimefundisha wauguzi. Nikifika mbele ya Mungu nadhani nitaulizwa kwanza juu ya hayo matatu.

Walimtoa siku ileile na mfuko mmoja. Rehema alibaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Alilia kwa siku kadhaa akitaka ziwa, mimi ndiye niliyembeba. Lotsove aliishi kambini kwa wakimbizi chini ya shiti, yaani turubai, kisha akapata chumba Marabo, akaanza kuuza unga wa mihogo. Kila mwaka shule zilipofunguliwa, mtu fulani alituletea makaye, yaani daftari, mapya yaliyofunikwa vizuri kwa karatasi ya kahawia. Tulimwambia Rehema yanatoka kanisani. Huo nao ni uongo wangu, mdogo kando ya ule mkubwa, ila nautaja usije ukajificha nyuma yake.

Nilijitetea kwa namna zote. Nilijiambia huenda kope lako halikushuka, niliona vibaya, macho yangu ni ya mzee. Nilijiambia hata ningesema, wangeamini nini, hakuna anayejua habari ya kope na kiharusi. Na kweli sikujua. Nilijua tu kwamba kitu fulani kilikuwa kimekaa usoni pako, nami sikukiandika.

Sasa sikia kilichobadilika.

Miezi michache iliyopita nililazwa, maji yamepanda mpaka mapafuni. Katika kitanda cha jirani walimleta mwanamke kijana anayebeba mihogo kutoka upande wa Irumu, kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Mzigo ulikuwa umemponyoka nyuma, kamba ikamvuta kichwa. Shingo inamuuma upande mmoja, na asubuhi ile mkono wake ulikuwa umekufa ganzi kwa muda mfupi kisha ukarudi. Nikamgeukia kumpa pole. Kope lake lilikuwa limeshuka kidogo. Kama pazia.

Nilishika ukingo wa kitanda.

Daktari aliyekuja ni msichana, Daktari Sifa, anavaa raba na anaongea haraka kama muuza samaki. Akafunga mapazia ya dirisha. Muuguzi akasema, "Dokta, sasa utaona nini mu giza?" Akajibu, "Iko mu giza ndipo nitaona." Alikuwa na chombo kidogo, mfano wa darubini ya jicho moja, chenye mpira mweusi mdomoni wa kuziba mwanga. Akakiweka kwenye jicho la kulia la yule mwanamke, kikatoa mlio, kikaandika namba. Kisha la kushoto. Akaonyesha wanafunzi: kwenye mwanga mkali mboni zote mbili hubana, tofauti inajificha. Mwanga ukiondolewa, mboni ya jicho lenye afya hufunguka mara moja, ile nyingine inachelewa na kubaki ndogo. Uzi mwembamba wa neva unaofungua mboni hupanda shingoni umeukumbatia mshipa mkubwa wa damu. Mshipa ukichanika kwa ndani, unavimba na kuuminya uzi huo. Kwa hiyo mboni ndogo na kope lililoshuka, pamoja na shingo inayouma, ni shingo inayopiga kelele kupitia jicho. Na kwenye mchaniko ule damu huganda, kipande kinaweza kuondoka kikapanda kichwani. "Vijana pia wanapata kiharusi," akawaambia. "Mukiona kijana, musitafute presha tu. Na musikimbilie kusema sumu. Pimeni macho, kisha tafuteni mu shingo."

Aliongeza kwamba chombo hakijui kila kitu. Kuna watu waliozaliwa na mboni zisizolingana, kuna dawa zinazozibadilisha. Chombo kinaonyesha tu mahali pa kutafuta. Wakampeleka yule mwanamke kwenye ekografi ya shingo, kipimo cha picha, wakakuta mshipa umechanika, wakamwanzishia dawa ya kuzuia damu isigande. Nilipotoka hospitali alikuwa amekaa kitandani anagombana na mdogo wake juu ya bei ya mihogo. Anaitwa Neema. Mwezi uliopita alipita kunisalimia kwa miguu yake.

Lakini siku ile ya kwanza, daktari alipofungua pazia, alinikuta nalia. Akadhani ni pumzi. "Mama, unasikia vibaya wapi?" Nikamwambia habari zako zote, mpaka ubao, mpaka utani wa benchi, mpaka fishi. Alikaa kwenye kitanda changu, jambo ambalo sisi tuliwakataza wauguzi kulifanya. Akasema, "Mama, kwenye mwanga wa mlango ule, hata ungeangalia pengine usingeona tofauti ya mboni." Akasema pia kwamba hata ungefika hospitali siku ile, hakuna anayeweza kuapa kwamba ungepona. Ni msichana mwenye huruma. Nilipokea pengine zake mbili, ni za kweli. Kwako wewe kuna pengine. Kwa Lotsove hakuna. Yeye hakukuua, na mimi nilijua hivyo tangu siku ya kwanza.

Niliporudi nyumbani nilimwita Paluku. Ana miaka themanini na mmoja na fimbo mbili. Nilimsomea ile fishi, ambayo alikuwa ameihifadhi yeye mwenyewe pamoja na karatasi za ukoo, nikamwambia saa iliyoandikwa ule mstari na saa uliyofika wewe. Alikisukuma kando kikombe chake cha chai. Kisha akasema, "Basi tulifukuza muke wa mutoto wetu bure." Hakuniita dada yake kwa siku nne. Siku ya tano alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema, "Nani anajua nyumba yake kule Marabo?"

Alikwenda yeye mwenyewe. Wajukuu walimfunga nyuma ya pikipiki kwa kitenge kama mzigo wa makaa, naye njia nzima akimwambia dereva apunguze mwendo. Wanasema Lotsove alimwona, akaendelea kupima unga. Akamaliza wateja wake wote. Paluku alisubiri amesimama. Ndipo akamwambia, "Mukwe wetu, nilikuya kukuomba musamaha, na sijue namna gani inaombwaka." Lotsove akamletea kiti.

Lotsove alikuja hapa kwetu Bunia juma lililofuata. Aliingia ndani, hakuketi. Amekonda, nywele za mbele zimekuwa nyeupe, ingawa bado ni kijana. Akaniambia, "Shangazi, sikukuya kwako. Nilikuya kwa mutoto." Rehema alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nilikuwa nimemwambia yote siku moja kabla, naye hakulia, aliuliza tu kama mama yake ni mrefu. Wakatazamana. Sikujua mtoto atafanya nini, moyo wangu ukawa unapiga ovyo, nikaomba usisimame wakati ule.

Rehema akasema, "Ni weye ulikuwa unatuma makaye?"

"Ni miye."

"Nilijua. Kanisa haifunikake vizuri ivi."

Lotsove akacheka na kulia kwa pamoja, akaketi chini kwenye sakafu yangu, na mtoto akaenda. Nilitoka nje, au tuseme nilijikokota nje, maana haikuwa saa yangu.

Tangu hapo anakuja kila siku ya posho, Jumamosi. Rehema analala kwake Marabo likizo, na muhula ujao atahamia huko kabisa, wamekwisha kupata shule. Nyumba yangu itakuwa kimya. Ni haki. Lotsove hajaniambia kwamba amenisamehe, nami simwulizi. Ila juma lililopita aliona miguu yangu, akatafuta kibao akakiweka chini yake, halafu akaendelea kunikasirikia.

Katika kituo pia kuna mambo mapya. Titulaire wa sasa alisikia habari hii kutoka kwa Daktari Sifa, akaja kuniuliza kama ni kweli kuhusu fishi za asubuhi. Nikasema ni kweli na nilianzisha mimi. Akakiri kwamba bado wanafanya. Hawafanyi tena. Sasa fishi ina visanduku viwili vitupu, jicho la kulia na la kushoto, na ndani huandikwa namba, si neno. Wametenga kona moja kwa kitenge cheusi, hapo ndipo wanapoangalia macho ya kila aliyeanguka, aliyepigwa, au anayelalamikia shingo. Chombo chenyewe ni kimoja tu na kiko hospitali. Wao wanatumia tochi ya vidoti, wakiona tofauti wanampeleka mtu kupimwa vizuri. Wamenibeba kwenye kiti mara mbili nikawafundishe. Nilipowaambia "Musiandike jicho ambalo hamujaangalia," muuguzi mmoja akaniuliza, "Mama, na kama watu ni wengi?" Nikamwambia mimi nilikuwa na watu thelathini mlangoni, na leo nakumbuka mmoja.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Lotsove akasema hapana, alitaka niyaseme kanisani mbele ya watu wote.

Tulikuwa tumekaa, yeye, Paluku na mimi. Paluku alitaka tuandike karatasi ya ukoo, tutie saini, tuchinje mbuzi, yaishe. "Mambo ya nyumba haifikake mu kanisa," akasema. Lotsove akamjibu polepole, kwa adabu yote: "Baba, mulinifukuza mbele ya watu. Sasa munataka kunisafisha mu chumba?" Akaeleza kwamba mpaka leo, akipita soko la Bunia, kuna wanawake wanaovuta watoto wao kando. Kwamba mtu aliyetaka kumwoa Marabo alisikia habari akaacha. Kwamba Rehema ataolewa siku moja, na mtu atauliza mama yake ni nani.

Paluku akanitazama. Najua alichokuwa anafikiri. Nina jina hapa. Watu wazima wa mtaa huu wengi nimewapokea mimi kutoka matumboni mwa mama zao, wananiita mama. Alitaka nife na jina hilo. Na mimi pia, Kambale, nilitaka. Nililitaka sana. Usiku mmoja na mchana mmoja nililitafuta neno la kumkatalia Lotsove kwa upole, nikalikuta, tena lilikuwa neno zuri, la kidini. Nikalitupa.

Kesho ni yenga, Jumapili. Mchungaji amekubali nipewe nafasi baada ya matangazo. Daktari Sifa amesema nisiende, kisha akasema kama ni lazima atakuja kukaa karibu nami na dawa. Nimeandika nitakayosema, kwa Kiswahili cha nyumbani, asiwepo wa kusema hakuelewa. Ni machache:

"Miye Régine. Lotsove hakuua bwana yake. Kambale alikuwa mugonjwa, akakuya kwangu, sikumuangalia. Nikasema uongo mbele yenu apa, na yeye ndiye alibeba miaka tisa. Mukimukuta mu njia, mumusalimie."

Nimejaribu kuyasema mbele ya kioo. Sauti inakatika kwenye "apa". Ikikatika kesho Paluku atamalizia, na nikifa kabla ya kengele, Paluku atasoma yote. Amekubali, ametia saini. Kwa hiyo kwa vyovyote litasemwa. Hilo nakuahidi, na ni ahadi ya kwanza ninayokupa ambayo haitegemei pumzi zangu.

Lakini nadhani nitafika. Leo mwili ni mwepesi kidogo. Lotsove amepita muda mfupi uliopita kuuliza nitavaa kitenge gani, eti kile cha kijani kinanifanya nionekane maiti. Nimechagua cha bluu. Akiwa mlangoni amesema atakaa mstari wa kwanza, katikati kabisa, kusudi nikinyanyua kichwa nisipate mahali pengine pa kutazama.

Lala salama, mwanangu. Nakuja, ila bado si leo. Kesho nitanyanyua kichwa.

Shangazi yako,
Régine